Dawa Iliyoua Kuku, Ikawaacha Funza

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mimi na mume wangu tulilima pamba ng'ambo ya mto Lumemo, tukiishi na mama mkwe, aliyehama nasi kutoka Mahenge. Misimu miwili ya kwanza dawa ya wadudu ilitusaidia sana. Ukipulizia asubuhi, kesho yake funza wamekauka juu ya majani.

Msimu wa tatu tulipulizia Jumatatu. Alhamisi nikapasua tunda moja la pamba, nikamkuta funza ndani, mnene, anakula. Nikapasua la pili, la tatu. Wote wazima.

"Yule muuza dawa wa Kibaoni katuuzia maji," mume wangu alisema.

Akachanganya dawa mara mbili ya kipimo, akabeba bomba mgongoni bila shati, akapulizia shamba lote. Aliporudi aliiacha ndoo ya kuchanganyia uani, akaenda kuoga.

Nilipotoka jikoni nilikuta kuku wa mama mkwe wamelala kuizunguka ile ndoo. Saba. Jogoo alikuwa bado anapigapiga bawa moja chini. Mama mkwe alikuja, akawatazama, kisha akamgeukia mwanawe aliyekuwa anatoka kuoga.

"Mwanangu, haya ndiyo maji uliyouziwa?"

Kesho yake tulirudi shambani. Funza walikuwa wanakula vilevile.

Tukamwita bwana shamba. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akapita mistari michache, akaomba kuona kopo la dawa.

"Misimu yote mmetumia hii?"

"Hiyo hiyo. Kila wiki," mume wangu alisema.

"Basi funza dhaifu mliwaua zamani. Waliostahimili ndio wamezaa hawa. Ukiongeza dawa, unajiua mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomtazama mume wangu vizuri. Vipele vilimjaa shingoni, macho yalikuwa mekundu, na alikuwa anakohoa. Nami siku zote hizo nilidhani ni vumbi. Nilikuwa nimeangalia pamba tu.

Tulivuna gunia moja la pamba chafu, tukang'oa mabua yote na kuyachoma kama bwana shamba alivyotuelekeza, ili funza wasibaki humo. Msimu uliofuata tukapanda mpunga. Macho ya mume wangu yalichukua zaidi ya mwezi kupona. Kikohozi kilibaki.