Uli Hakurudi Kumsomea Mama Shairi

Moyo wangu bado unakataa. Asubuhi dada yake kaniandikia kutoka Ujerumani: Uli amefariki. Alikuwa anaumwa muda mrefu na hakutaka tujue.

Kwa msiomjua, Uli alikuwa mshairi, na huko kwao ana jina kubwa. Alikaa nasi hapa Buzebazeba, kando ya ziwa, miezi saba, mimi nikiwa mkalimani wake. Naona wengi mnaposti picha mlizopiga naye Ujiji. Posteni tu. Ila na mimi niseme yangu.

Alikuwa mtu wa kazi. Alfajiri yuko mezani, simu off, chai inapoa. Ukimletea stori anakwambia, "Dada Mwajuma, nina deadline." Deadline ya shairi, jamani. Nilikuwa nacheka sana.

Migebuka, samaki wetu wa ziwani, wa mawese alikula mpaka analamba vidole. Akina mama wa dagaa aliwasalimia kilugha, "mwakeye", akainama kuanika nao mpaka mgongo ukamgomea. Walimpenda kweli.

Akiwa hapa hapa, kaka yangu Rajabu akazama ziwani. Uli akaniomba nimpeleke kwa mama akatoe pole.

Kwetu mtu akija kutoa pole, mfiwa humweleza marehemu alivyoondoka. Mama akaeleza yote: mtumbwi, upepo, shati walilomtambulia. Mimi natafsiri huku nalia. Uli naye analia, kamshika mama mkono.

Kumbe aliporudi chumbani aliandika kila kitu.

Kitabu kikatoka, kikapata tuzo. Nikaliona shairi mtandaoni kama mtu baki. Shati la Rajabu limo. Maneno ya mama yamo, yale yale yaliyopita mdomoni mwangu. Hakuna aliyemuuliza mama.

Nilimpigia nikafoka. Hakubisha. Akasema, "Nimekosa. Nitakuja mwenyewe nimsomee mama kwa Kiswahili, nimwombe radhi uso kwa uso."

Akaanza hadi kunitumia voice note za mazoezi, matamshi yamepinda hovyo. Lakini kila mwaka ikawa mwakani. Mara tamasha, mara semina, mara project mpya. Mama akiuliza, "Uli anakuja lini?" namwambia yuko njiani. Nimemdanganya mama yangu kwa ajili yako, Uli.

Leo shairi nimemsomea mimi, mkekani, natafsiri mstari kwa mstari. Halafu mama akauliza, "Mbona kaandika 'mvuvi mmoja'? Mwanangu hakuwa na jina?"

Jibu unalo wewe, Uli, na umeondoka nalo.

Mama akafuta macho kwa khanga. "Mwandikie dada yake. Mwambie nampa pole ya msiba, na Uli nimemsamehe." Nimeandika, nimetuma.

Hayo ni ya mama. Mimi, rafiki yangu, bado sijakusamehe, na machozi hayanisikilizi. Lala salama hivyo hivyo.