Kipande Alichokifuta Fagio

Wenzake walimbandika jina Fagio, naye akalivaa kama suti ya harusi. Kazi yake ilikuwa kwenye hifadhidata, programu ya kutunza kumbukumbu inayotolewa bure na kujengwa na mafundi wa kujitolea waliotapakaa kila mahali. Wengine waliongeza msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Fagio aliufuta ule usiotumika, na kila alipofuta alijisifu mpaka watu wakachoka kumsikia.

Safari hii alikitolea macho kipande kinachosoma mafaili ya mtindo wa zamani. Desturi ya mafundi hao ni kuuliza kwanza kwenye jukwaa lao: nani bado anakihitaji? Akauliza. Kimya. Akaipekua programu nzima, hakuona mahali kinapotumika. Akakifuta, akapongezwa, kichwa kikavimba.

Toleo jipya lilipotoka, alikwenda mwenyewe kuliweka zahanati, kwenye kompyuta ya dada yake muuguzi. Kesho yake dada akapiga simu.

"Mdogo wangu, kumbukumbu za chanjo za watoto hazifunguki. Kina mama wamejaa hapa!"

Fagio alifika mbio. Akatazama kioo cha kompyuta. Mafaili yote yalikuwa ya ule mtindo wa zamani, na aliyeyatengeneza ni yeye, enzi zile anajifunza kazi, kisha akasahau kabisa. Aliuliza dunia nzima swali ambalo jibu lake alikuwa nalo mwenyewe.

"Kosa ni la mashine hii tu, dada," alisema, na aibu ikamshika papo hapo. Mlangoni mama mmoja alikuwa anamfunga mwanawe mgongoni, ameambiwa arudi siku nyingine.

Akarudisha toleo la awali, kumbukumbu zikafunguka. Dada akawageukia kina mama waliokaa benchini. "Mmemwona mdogo wangu? Huyu ndiye fundi!" Wakapiga makofi. Fagio alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kwa desturi ya mafundi, kipande kilichofutwa hakirudishwi mpaka atajwe anayekitumia. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaandika jukwaani kila fundi aone: "Zahanati ya dada yangu. Niliwawekea mimi, nikawafutia mimi, na leo nimesingizia mashine." Kisha akamgeuzia dada kioo.

Dada alisoma mpaka mwisho. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Yule mama aliyeondoka hajafika mbali," dada alisema. "Mkimbilie umrudishe."