Sisimizi wa Baba Mkubwa Ramazani

Nilipokuwa mtoto, hakuna kazi iliyoniudhi kama kumtekea maji Baba Mkubwa Ramazani. Alikuwa kaka yake baba yangu, fundi wa reli hapa Kindu, mtu mpana mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto, na tuliishi naye ua mmoja kwenye mtaa wa Mikelenge. Asubuhi nilishuka chemchemini, nikapanda na ndoo, shingo imezama mabegani, na kabla sijapumua alikwisha kuchota kikombe, na kingine, na kingine. Maji ya kupikia sombe, yale majani ya muhogo, yakaishia kooni mwake. Mama alinitazama, akatazama ndoo, akasema, "Rudia, mutoto." Nilirudia nikinung'unika njia nzima.

Na maji hayo hayakukaa. Mchana kutwa Baba Mkubwa alikuwa akienda nyuma ya bafu, pale kwenye uzio wa matete, anarudi, anakunywa tena. Chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kikawa kizito kukoroga. Jioni alitafuna muwa. Katikati ya hayo alinunua mikate ya ndizi kwa jirani yetu Bibi Mwavita, ile ya ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo, inayonata vidoleni. Hakuna aliyeona neno. Mwanamume mwenye mshahara wa reli asipokula vitamu, ale nani?

Aliyeona neno alikuwa Bibi Asha, mama mzazi wa baba yangu na Ramazani. Siku moja alikwenda nyuma ya bafu kutafuta kuni akakuta sisimizi. Mstari mweusi umetoka chini ya uzio, umevuka uwanja, umeishia pale pale alipozoea kusimama mwanawe. Aliita watu wote. Tukasimama tunatazama chini kama watu waliopotewa na sindano.

"Sisimizi hawamufuati muntu bure," alisema. "Damu yake inaitwa. Kuko muntu mwenye kuiita."

Hiyo ndiyo imani niliyolelewa nayo. Sisimizi wakiufuata mkojo wa mtu, basi ametupiwa kitu, na mwenye kutupa anamnywa polepole mpaka abaki ngozi. Na kweli Baba Mkubwa alikuwa anakonda. Suruali ya kazini aliifunga kwa kamba. Bibi Asha hakuhitaji ushahidi mwingine.

Nikikumbuka sasa, nataka kushika kichwa kwa mikono miwili. Mkojo mtamu! Sisimizi, ambao hawajasoma popote, walikuwa wametoa jibu wazi kuliko daktari: hapa kuna sukari. Sisi watu wazima na watoto, tuliosimama juu yao, tukauliza, "Nani amemroga?"

Jina lilipatikana upesi. Bibi Mwavita alikuwa mjane. Watoto wake wawili walikufa wadogo, mume naye akafa, yeye akabaki mzima, macho mekundu kwa moshi wa kukaanga mikate. Kosa lake kubwa lilikuwa kuzeeka peke yake. Na mikate aliyokula Baba Mkubwa ilitoka mkononi mwake, sivyo? Mambo yakawa yanasemwa chinichini. Tukakatazwa kupokea chochote kwake, jambo ambalo liliniuma sana, kwa kuwa alikuwa akitupa sisi watoto ile iliyovunjika.

Kisha vita ikafika Kindu, na watu wakawa na mambo mengine ya kuogopa.

Treni ilinyamaza. Sukari ilipotea kwanza, halafu chumvi, halafu sabuni. Tulikimbilia porini upande wa Kailo, tukarudi, tukakimbia tena. Tulikula majani ya muhogo yaliyochemshwa bila chumvi wala mawese, na siku nyingine tulikula hayo hayo kwa kuyazungumzia tu. Bibi Mwavita alivuka mto na watu wengine kwenda Alunguli, na habari zake zikakatika.

Sasa sikilizeni lililonitesa akili miaka mingi. Katika njaa ile, Baba Mkubwa alipata nafuu. Kiu ilipungua. Ndoo yangu ikaanza kufika jikoni imejaa. Nyuma ya bafu, sisimizi walitoweka. Alikuwa mwembamba kama sisi sote, lakini alisimama imara, akawa anatengeneza baiskeli za wachuuzi waliokuwa wakisukuma mizigo kutoka Punia.

Bibi Asha alipiga kofi moja la furaha. "Munaona? Mulozi ameenda, na sisimizi wameenda!"

Hakuna aliyesema kwamba sukari nayo ilikuwa imeenda.

Vita ilipolegea, ndege zikaanza kutua na bidhaa. Baba Mkubwa alipata kibarua cha kupakua mizigo uwanjani, na siku aliyokuja na mfuko wa sukari tuliruka kama amekuja na nyama ya sikukuu. Mama alinitilia kidogo kiganjani nikaramba, nikafumba macho. Chai ikarudi, kijiko kikarudi kuwa kizito. Bibi Asha, kwa kumhurumia mwanawe aliyekondeana, akamnunulia siro kwa muuza dawa: chupa ya kahawia, yenye picha ya mwanamume aliyekunja mkono kuonyesha misuli. Dawa ya kuongeza damu na nguvu, alisema muuzaji. Ilikuwa nzito na tamu kama asali iliyochemshwa. Baba Mkubwa alikunywa vijiko asubuhi, vijiko jioni, na alipohisi mguu unamlegea, aliinywa kwenye chupa.

Majuma yale yale, Bibi Mwavita akarudi kwake.

Mnajua kilichofuata. Kiu ikarudi. Baba Mkubwa akawa analala mchana na kuamka macho yana ukungu, anamwita mama yangu kwa jina la mwingine. Na nyuma ya bafu, mstari mweusi. Bibi Asha alipouona hakulia wala kupiga kelele. Alijifunga kitenge kifuani, akaenda kuwaita vijana wa barabara.

Mama yangu alijaribu. Nilikuwa nimesimama karibu naye mlangoni. "Mama," alimwambia mkwe wake, "hawa sisimizi wako hata ku chupa ya siro. Angalia. Ni utamu wanafuata."

Bibi Asha aligeuka. "Na wewe leo umekuwa munganga? Mutoto ni wangu au ni wako?"

Mke wa ndani hashindani na mama wa mwenye nyumba, hasa mbele ya vijana waliokwisha kuokota mawe.

Walimtoa Bibi Mwavita nje wakati anapanga kuni. Ilikuwa alasiri, jua kali, na watu walikuwa wengi kama wamekuja kuangalia mpira. Mmoja alipanda juu ya paa akaanza kung'oa bati. Bibi Mwavita hakukimbia. Alimtazama Bibi Asha tu.

"Mama Ramazani," alisema, "huyu mutoto nilimubeba mugongoni wewe ukiwa mugonjwa. Nitamukula sababu gani?"

"Ndiyo ile tunakuuliza," akajibu Bibi Asha.

Wote wakageukia kiti alichokalishwa Baba Mkubwa chini ya upenu wa nyumba yetu. Neno lake moja lingetosha. Angesema "muacheni", wangemwacha, kwa kuwa mgonjwa ndiye mwenye kesi. Alifungua midomo iliyokauka, akaangaza huku na huku kama anayetafuta aliyeweka kitu mahali fulani.

"Muniletee maji," alisema.

Basi. Wakamsukuma Bibi Mwavita mpaka mtoni, na mkeka wake na sufuria yake ya kukaangia, wakampandisha mtumbwi. Nyumba yake ilibaki kuta.

Baba Mkubwa hakupona. Angeponaje? Chupa ya siro ilipokwisha walinunua nyingine. Kidonda kidogo cha kisigino, alichojikwaruza kwa kandambili, kikakataa kufunga, kikawa cheusi, na kabla ya mvua kubwa tulimzika. Ungedhani hapo Bibi Asha angetia shaka. Hapana. Aliketi msibani, akasema, "Amemumaliza kutoka ng'ambo." Imani ya namna hiyo haishindwi kamwe. Mgonjwa akipona imeshinda, akifa imeshinda zaidi.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikaanza biashara ya mawese, na biashara hiyo ikanifikisha sokoni Kailo. Huko nilimkuta Bibi Mwavita, amekaa juu ya kigogo, anauza mikate ile ile, macho karibu yamezimika. Nilimwambia mimi ni nani. Nilitegemea anitukane, au aniombe kitu. Alinishika mkono akaupapasa mpaka kwenye kiwiko.

"Ramazani alipata nafuu?" aliuliza.

Nilisema alifariki, zamani. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mutoto wa watu," alisema. "Alikuwa anapenda sana kula vitamu." Akanifungia mikate kwenye jani, akakataa nimlipe. Nilirudi Kindu nimeishika mapajani bila kuila.

Mtu angefikiri baada ya hayo ukoo wetu umejifunza. Hebu njooni nyumbani kwa kaka yangu Salumu.

Salumu ni mwalimu wa sekondari. Anafundisha biolojia, Mungu anisamehe, biolojia! Mwaka jana kiu ilimshika, miguu ikafa ganzi, hospitali wakampima wakamwambia ana ugonjwa wa sukari, wakampa vidonge. Alimeza kwa muda. Kisha sokoni akapita mtu wa pikipiki yenye kipaza sauti, anauza poda ya kijani kwenye kopo: inasafisha damu, inafukuza sukari, inaongeza nguvu za kiume, inaondoa mikosi. Salumu akanunua. Na kwa kuwa poda hiyo ni chungu kama nyongo, anaikoroga kwa asali ya kutoka Punia, vijiko vikubwa, asubuhi na jioni. Vidonge akavisukuma nyuma ya kabati.

"Uchungu unakata utamu," alinieleza, kama ananifundisha darasani. "Sukari ikikutana na kitu kichungu, inaisha."

"Na asali?"

"Asali haiko sukari, dada. Asali ni dawa. Mungu mwenyewe ameisifu."

Nilimvuta mpaka kliniki. Nesi, mama mmoja mpole aliyekwisha kuzichoka hadithi hizi kabla yangu, alimwambia taratibu: "Mwalimu, asali ina baraka zake. Lakini damu yako haiulizi kama sukari imetoka kwa nyuki ao kwa kiwanda. Na uchungu unaishia ku ulimi. Hii poda hatujui iko na nini ndani. Ingine inaharibu figo, ingine ukiichanganya na vidonge sukari inashuka mpaka unaanguka. Meza dawa, punguza na bugali." Salumu akaitikia kwa heshima zote. Tulipofika nyumbani akachukua kopo.

Nilikasirika mpaka nikacheka. Kisha nikasikia shemeji yetu mmoja, barazani, akisema kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa huu umeanza tangu Salumu alipooa yule binti wa Kasai. Kwamba ni vizuri kuchunguza. Mke wa kaka yangu, Ngalula, alikuwa anapepeta mchele hatua chache tu kutoka pale. Nikaona mkono wake umesimama juu ya ungo.

Hapo kicheko kikaniisha. Jumapili iliyofuata niliazima kimashine cha kupimia sukari, nikakaa mbele ya kaka yangu asubuhi kabla hajala. Tulipima. Namba ilikuwa juu, lakini si ya kutisha. "Sasa kunywa dawa yako," nikamwambia. "Poda na asali, kama kila siku." Alikunywa kwa ushujaa. Shemeji alikuwapo, Ngalula alikuwapo, watoto walikuwapo, nilihakikisha. Tulizungumza habari za mvua na bei ya mawese. Kisha nikamtoboa kidole tena: namba ilikuwa imeruka juu sana.

Salumu alitazama namba ile muda mrefu. Akafuta miwani, akaitazama namba tena. Nikangoja aseme kwamba alikosea, kwamba vidonge viko nyuma ya kabati, kwamba baba mkubwa wetu alikufa hivi hivi.

"Basi," alisema mwishowe, kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na rafiki, "hata asali iko na uongo."

Shemeji alikwisha kuanza kuikemea asali, na nyuki wa Punia, na yule aliyeileta. Ngalula aliinuka kimya, akaenda kabatini, akarudi na vidonge na kikombe cha maji, na kaka yangu akameza.

Nimeelewa tangu siku ile kwamba watu wetu lazima wapate wa kumlaumu, na pengine nitakufa kabla sijawatoa katika tabia hiyo. Basi na walaumu asali. Asali haina nyumba ya kubomolewa.