Jiwe Lenye Pacha

Mzaha ulianzia katika chumba cha walimu: dereva wa basi la shule amependa gari lisilo na dereva. Aliyesemwa ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Hakukasirika. Alicheka, akawajibu, "Lile angalau halina abiria wa kutapika kwenye viti."

Gari lenyewe liko kwenye sayari ya Mirihi. Linatambaa huko peke yake, linageuza shingo yake ya chuma na kupiga picha ndogo ndogo za mawe na mchanga, kisha linazituma duniani. Wanasayansi huziweka kwenye mtandao, na yeyote anayezitaka anaruhusiwa kuzichukua. Shemeji alizichukua. Kila mwisho wa juma, katika chumba chake cha uani nyuma ya nyumba yangu, alikaa mbele ya kompyuta akiziunga ukingo juu ya ukingo, mpaka zikawa picha moja pana, kana kwamba umesimama kule na kugeuka taratibu kutazama pande zote. Picha moja imepigwa asubuhi, jirani yake mchana; hii ina mwanga, ile imefifia. Kazi yake ilikuwa kuzipatanisha mishono isionekane.

"Umekuwa fundi cherehani," nilimwambia siku moja.

"Fundi cherehani hugombezwa na mteja, shemeji. Mimi nagombezwa na mawe."

Alikuwa na sharti moja tu. Mahali ambapo gari halikupiga picha aliacha nafasi nyeusi. Wenzake wengine wa mtandaoni hunakili mchanga wa karibu na kuiziba. Yeye alisema hajaajiriwa kuumba sayari.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mkuu wa shule ile mpaka alipofariki. Kabla ya kumpa mdogo wake basi, alimfanyisha mtihani wa udereva mara mbili, mara ya pili mbele ya walimu, asije mtu akasema ni mambo ya undugu. Watoto walimwita Mjomba Taratibu, kwa sababu hakuondoa basi mpaka awaone wote wamekaa, huku akiimba "taratibu, taratibu" kama anabembeleza mtoto. Katika miaka yake yote ya udereva jina la nyumba yetu halikuwahi kutajwa vibaya kwenye geti la shule, na mimi ndiye niliyeachiwa kulitunza.

Mwanzoni mwa muhula huu basi lilikwaruza geti lile, ubavu wa kushoto, rangi ikatoka kutoka mlango wa mbele hadi nyuma. Shemeji alisema mlinzi hakulifungua geti lote. Mlinzi aliapa kwamba alilifungua na kulitia ndoano. Kati ya neno la dereva wa nyumba yetu na neno la mlinzi wa geti, hakuna aliyepima kwa muda mrefu. Mlinzi aliambiwa akae nyumbani kwanza.

Wiki chache baadaye mwalimu mkuu aliyepo sasa aliomba picha moja ya Mirihi aitundike kwenye ukumbi, watoto waione. Shemeji alifurahi mpaka akanyoa ndevu. Aliipeleka kuchapwa kwenye duka la mabango, na Jumamosi mchana akaja nayo imeviringishwa kama mkeka. Tulisogeza meza na makochi, akaitandaza kwenye sakafu ya sebule yangu. Ilianzia mlangoni ikaishia chini ya dirisha. Nilimwekea kikombe cha chai kwenye stuli, nikaanza kuitembelea.

"Shemeji, jiwe hili lina pacha?"

"Lipi?"

"Hili la huku kushoto, lenye ufa kama mdomo. Na hili jirani yake lina mdomo uleule."

Alitazama nilikonyoosha kidole. "Usinitanie. Jiwe ni moja."

"Kukutania mimi? Tangu lini?"

Akageuza kichwa chote, kama mtu anayeangalia nyuma yake. Ndipo alipoliona. Alipiga magoti, akaweka kidole kwenye jiwe la kwanza, halafu la pili. Sasa niliona na makosa mengine: upeo wa macho ulikuwa umekatika kama ngazi, na vipande viwili vya mchanga vilipishana rangi kama shuka lenye kiraka. Yote yalikuwa kushoto. Kulia hakukuwa na kasoro hata moja.

"Kompyuta imenichezea," alisema.

Nilitazama picha yake ya zamani ya Mirihi inayoning'inia kwenye korido. Ile haina mshono unaoonekana. Huyu ni mtu aliyewahi kurudia kazi ya wiki nzima kwa ajili ya kivuli cha kokoto.

Alikaa kwenye kiti, akapangusa uso. "Na chai je? Leo nimenyimwa?"

Kikombe kilikuwa kinatoa mvuke karibu na kiwiko chake cha kushoto.

Nilivuta kiti nikakaa mbele yake. "Nitazame mimi, usigeuze macho." Nikanyoosha mkono pembeni, upande wake wa kushoto. "Naonyesha vidole vingapi?"

"Mkono upi?" aliuliza.

Barabarani watoto walikuwa wanagombania mpira. Nikashusha mkono wangu pajani, naye akauona ukitokea, kama umetoka nyuma ya pazia.

"Lile geti," alisema, akiangalia sakafu, "lilikuwa wazi."

Mimi nimesoma na nimefundisha, na akili yangu haikupoteza muda. Nilimwambia Jumatatu hashiki usukani, hilo halina mjadala. Nitampigia simu mwalimu mkuu niseme ana homa. Kisha ataandika barua ya kustaafu, umri wake unaruhusu, na shule itamuaga kwa heshima kama ilivyomuaga kaka yake. Hakuna atakayeuliza.

"Na mlinzi?"

"Mlinzi tutamtafutia mahali pengine. Nina watu ninaowafahamu."

"Atakwenda huko akiitwa nani? Mzembe aliyeshindwa kufungua geti?" Hakupandisha sauti. "Naye ana jina, shemeji."

"Wewe unajua watakavyotusema? Watasema ulikuwa unawabeba watoto wao gizani. Na kaka yako, aliyekupa kazi ile?"

"Kaka alinipima mara mbili mbele za watu. Angekuwepo, angenipima mara ya tatu."

Aliinuka kuiviringisha picha, akaupita ukingo wa kushoto bila kuugusa, ikabidi niukunje mimi.

Jumatatu basi liliendeshwa na mwingine. Sisi tulikwenda kwa miguu, mimi nikiwa kushoto kwake, na mwalimu mkuu alimwita mlinzi ofisini. Mlinzi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, akasimama karibu na mlango kama mtu asiyejua kama ataambiwa akae.

"Geti lilikuwa wazi," shemeji alimwambia. "Nimelikwaruza mimi. Sikuliona, na sikujua kwamba sioni."

"Nilikwambia, Mjomba."

"Uliniambia."

"Nikakwambia nimetia ndoano."

"Ulitia."

Mwalimu mkuu alinigeukia, kana kwamba ananingoja nisahihishe. Nilisema, "Ni kweli tupu."

Daktari alisema macho yenyewe ni mazima. Mshipa mdogo uliziba kwenye ubongo, pengine siku ile aliyoshinda amelala kwa maumivu ya kichwa nikamchemshia maji ya tangawizi. Upande wa kushoto ulipotea kwa macho yote mawili.

"Sasa mbona sikuona giza?" shemeji aliuliza.

"Kwa sababu ubongo unajaza pengo kwa kile kilicho jirani. Ukitazama ukuta, unadhani unaendelea tu."

Shemeji alitoa cheko moja fupi. "Kama wale wenzangu wa mtandaoni," alisema. Daktari alinitazama, nami nikaangalia viatu vyangu.

Mlinzi amerudi getini. Ananisalimia kwa adabu, lakini hasimami tena kuzungumza. Mtaani wapo wanaosema shemeji alikuwa mlevi, na ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya yote, maana hajawahi kuonja pombe, na ugonjwa si aibu. Ila si kila swali lina jibu la kuniinua kichwa. Mama mmoja alinisimamisha dukani mbele za watu. "Muhula mzima alikuwa anambeba mwanangu huku hamwoni aliye kushoto kwake?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Tulipojua, tulisema."

Alichukua mkate wake akaondoka bila kuniaga. Nadhani ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Picha haikutundikwa. Mwalimu mkuu hajaitaja tena, nasi hatujamkumbusha. Imesimama nyuma ya mlango wa sebule yangu, na kila ninapofagia naisogeza. Shemeji hakutaka kuirekebisha. Ameanza nyingine. Mwanzoni alinikatalia nisiingie chumbani kwake, akasema hataki yaya. Siku hizi, nikimaliza kazi zangu, nakuta ameshaniwekea kiti upande wa kushoto wa kompyuta, na mto juu yake.

Hatuongei sana. Yeye anasogeza vipande, mimi natazama mishono. Anapofika mahali ambapo hapana kitu, anasimamisha mkono.

"Shemeji, hapo pana pengo, au ni mimi?"

Mara nyingi ni pengo, nami namwambia aliache jeusi. Jana aliuliza tena. Nilitazama. Palikuwa na mchanga, safu ya mawe, na kivuli kirefu cha gari lenyewe kimelala juu yake.

"Ni wewe," nilimjibu.

Akageuza kichwa chote, polepole, mpaka akayafikia mawe.