Ferrabrod

Hadil binti Abdulwahid hushona kofia barazani kwao Mkomani, mjini Lamu, na ndani ya kikapu cha nyuzi huweka daftari lenye maneno mia mbili na kumi ya lugha isiyo na nchi. Wasemaji wake walikuwa wawili tu: yeye na mdogo wake Mahmud.

Waliitunga utotoni. Mama yao, Bi Barka, alikuwa akiwapikia wageni, na mgeni mmoja akaacha kitabu cha kujifunzia Kijerumani. Watoto wakaokota humo maneno, wakayapinda hadi yakae vyema mdomoni, wakaiita lugha yao Kiveldi.

Neno alipendalo Hadil ni ferrabrod. Kitabu kilisema fern ni mbali, na Brot ni mkate. Baba yao, fundi wa mashine za boti, alikuwa akikaa Kizingitini wiki nzima nzima, na kila jioni Bi Barka alimwekea mkate wa mofa chini ya kawa, hata siku aliyojua fika kwamba haji. Watoto waliukodolea macho wasithubutu kuugusa. Hivyo ferrabrod ikawa chakula anachowekewa asiyekuwapo.

Mahmud sasa ameishi Ujerumani miaka kumi na minne. Ijumaa moja baada ya swala alipiga simu, na katika kuagana Hadil akamwambia, "Ferrabrod yako ipo."

"Nini?"

"Ferrabrod."

Mahmud akacheka. "Dada, hilo si Kijerumani. Huku hakuna atakayekuelewa."

"Si la nti yao," Hadil akajibu kwa lafudhi ya Lamu. " Ni letu."

Ikambidi amweleze: kawa, mkate, baba aliyekuwa Kizingitini. Alieleza polepole, kama amwelezaye mgeni, na hilo ndilo lililomchoma.

Kisha Mahmud akasema, "Nimelisahau, wallahi. Yote nimeyasahau. Kijerumani chao kimeyafuta." Halafu akauliza taratibu, "Neno 'dada' tulilisemaje kwa Kiveldi?"

Hadil akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Mama lilikuwemo, baba, paka, hata punda. Dada halikuwemo.

"Hatukulitunga," alisema. "Hatukuwa na haja nalo. Ulikuwa ukiniita Hadil, nami naja."

"Hadil," Mahmud akaita.

"Naam, ndugu yangu."

Hakuna aliyekata simu.