Gauni Alilovaa Mke

Leo nimewasha hita kwa mara ya kwanza tangu baridi irudi, na harufu ya vumbi linaloungua imenirudisha utotoni, kwenye fleti yetu ya Tottenham, juu ya zulia la kahawia lililokuwa likiniwasha magoti.

Majani yalipoanza kupukutika, tamthilia mpya ilianza kwenye televisheni. Mama aliipenda mno, lakini jioni alikuwa kazini, akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Basi niliitazama kwa niaba yake, peke yangu, nikila wali wa jana. Matangazo yakianza, nilipunguza sauti ili nisikie simu ya Mama.

"Haya, yule mume karudi?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

"Kwa Kiswahili, mwanangu. Kizungu nashinda nacho huku."

"Karudi. Mke hataki kumfungulia mlango."

"Asimfungulie, mshenzi yule! Kavaa nini mke?"

Hilo ndilo swali lililonishinda, kwa sababu sikuwa nimeangalia. Tangu siku hiyo nikawa naangalia magauni, viatu, hata mapazia. Siku ile Mama alicheka chinichini, kisha akasema, "Wananiita," na simu ikakatika. Nilibaki na hita na watu wa kwenye kioo.

Jioni hii pia kuna tamthilia mpya. Mvua inagonga dirisha. Mke amevaa gauni la kijani, la mikono mirefu, lenye vifungo vya dhahabu mgongoni.

Matangazo yameanza. Nimepunguza sauti.