Sanduku la Kupigia Picha

Kwa miaka mitatu niliongoza ziara za baiskeli katika kisiwa cha Mombasa. Tulianzia Ngomeni asubuhi kabla jua halijakaza, tukapita vichochoro vya Mji wa Kale, tukashuka Ganjoni hadi makaburi ya Mbaraki, kisha tukamalizia kwenye masanamu ya ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, upande wa kuelekea Mwembe Tayari. Niliipenda kazi ile. Nilijua bodaboda hutokeza kona gani bila honi, na ni baraza zipi wenyewe hawaudhiki wageni wakiegemeza baiskeli.

Mimi ni mtu wa Mariakani. Bibi yangu, mzaa mama, hakumwona babake. Alikuwa tumboni wakati Waingereza walipowakamata vijana wa kwetu kuwabebesha mizigo ya jeshi, kwenda kupigana na Wajerumani ng'ambo ya Taveta. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema alifia wapi. Mkewe alikataa matanga yasifanywe miaka mingi, akisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaona maiti yake. Mwishowe wazee walisimika koma kando ya nyumba, kipande cha mti cha kumkumbukia, na hilo ndilo kaburi lake hadi leo.

Kwa hiyo nilipofika Mbaraki na wageni, niliwaonyesha mawe yaliyochongwa jina la kila askari wa Kizungu, cheo chake na umri wake. Kisha kule kwenye masanamu niliwaambia kwamba wapagazi walikamatwa kwa nguvu, kwamba wengi waliuawa na njaa na maradhi wala si risasi, na kwamba maandishi yanawataja wote kwa pamoja, bila jina hata moja. Nilisema hayo kwa dakika tano hivi. Wengine walisikiliza, wengine walikunywa maji yao.

Siku moja mwenye kampuni alinikuta nikijaza upepo magurudumu. Alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa Mji wa Kale, hajawahi kunipandishia sauti. Alikuwa na sanduku la mbao alilolipaka rangi ya kijeshi na kulifunga kamba.

"Wageni wamechoka kusikiliza, dada," akasema. "Wataka kitu cha kufanya." Akajitwika sanduku, akacheka. "Mgeni asimama mbele ya masanamu, ajitwika, apigwa picha, awatumia wenzake. Tangazo hilo."

"Hawa watu walikufa chini ya mizigo," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo twawakumbuka."

"Mbona kule Mbaraki hatuwaambii wageni walale juu ya makaburi wapigwe picha?"

Akalitua sanduku. "Kule ni makaburini," akasema.

Jibu hilo lilinichoma, na linanichoma mpaka sasa. Mtu ambaye hakuzikwa, kumbe, ni ruhusa kumchezea. Aliyenyimwa jiwe amenyimwa na heshima ya jiwe.

Laiti ningeweza kusema kwamba nililikataa sanduku papo hapo. Sikulikataa. Nililifunga nyuma ya baiskeli yangu na kulizungusha kisiwani karibu wiki mbili, na mimi ndiye niliyeshika simu za wageni na kuwaambia wasogee kushoto kidogo ili jua lisiwapige usoni.

Kisha likaja kundi la wafanyakazi wa ofisi moja kutoka Nairobi. Msichana mmoja alijitwika sanduku, akapinda mgongo, akatoa ulimi nje kama anayekata roho. Wenzake wakahesabu moja, mbili, tatu. Ndio walioniudhi kuliko Wazungu wote niliopata kuwaongoza, maana hawa mababu zao walikamatwa kama wetu.

Pamoja nao alikuwepo mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuja na bintiye. Alishuka kwenye baiskeli polepole, akalikaribia lile sanduku.

"Mwanangu, ndani mna nini?" akaniuliza.

"Hamna kitu, mzee."

"Basi si mzigo." Akalitazama tena. "Babu yangu alikuwa kwenye vita hivyo. Yeye alirudi. Lakini hakutaka kuona mtu akibeba kitu kichwani mbele yake. Wanawake wa nyumbani walitua maji mbali na ua, wakayaingiza kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka alipokufa."

Hakumkemea mtu. Msichana alilitua sanduku mwenyewe, akanipa huku akitazama chini. Nilitaka kuwaeleza habari za babake bibi yangu, lakini nililifunga tu sanduku nyuma ya baiskeli, tukarudi Ngomeni.

Kesho yake nilimwambia mwenye kampuni kuwa sitalibeba tena.

"Basi nitampa mwingine baiskeli hiyo," akajibu, kwa upole wake uleule. Na akampa.

Nilikwenda kulalamika katika ofisi moja ya umma niliyoambiwa ndiyo inayohusika. Karani alikuwa akila mahamri. Akaniuliza kama sanamu limevunjwa. Nikasema la. Limepakwa rangi? La.

"Basi lalamiko ni lipi, mama?"

Nikamweleza. Akafuta vidole, akatoa fomu. "Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Kitukuu."

"Una cheti chake cha kifo?"

Nilicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Serikali iliyomchukua ndiyo iliyopaswa kuleta cheti hicho, miaka mia iliyopita. Karani aliniomba radhi, akasema fomu ndivyo ilivyo. Nikamtajia jina, akaliandika herufi kwa herufi. Jibu sikuletewa. Sanduku bado linazungushwa. Nimeliona kwa macho yangu nikiwa ndani ya tuktuk.

Siku hizi nafanya kazi katika ofisi ya shule huko Ganjoni, na Jumamosi naongoza wanaotaka, kwa miguu. Wa kwanza kumwongoza alikuwa mama yangu. Alikuja kutoka Mariakani akiwa amevaa leso mpya, akasimama mbele ya masanamu kwa muda mrefu.

"Wetu ni yupi?" akauliza.

"Hakuna aliye wetu hasa, mama. Hawa ni wa wote."

Nikamsomea maandishi, maana macho yake hayaoni vizuri.

"Na majina?"

"Hayapo."

"Waliwaandika walipowachukua," akasema mama. "Mzungu hachukui kitu bila kuandika. Basi majina wameyapeleka wapi?"

Hakungoja jibu. Aliinua sauti kushinda kelele za barabara, akamwita babu yake kwa jina lake, na la babake, na la ukoo wao, kwa lugha ya kwetu, kama mtu anayeita aliye ng'ambo ya bonde. Akarudia tena. Mwanamume aliyekuwa akiuza soksi kando ya njia aligeuka kutazama ni nani anayeitwa.